Shamba la Nabothi Katika Limuru: Unafiki wa Wakristo katika Nitaolewa Nikipenda

Tangu Ngaahika Ndeenda ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwezi wa Oktoba 1977, imekuwa desturi ya wahakiki kuisoma kama tamthilia ya ardhi na ujira. Desturi hiyo haina kosa, maana ardhi na ujira vimetanda mchezo mzima. Lakini imezaa uvivu mmoja. Suala la dini limehesabiwa kuwa pambo la tabaka la wenye mali, na Ahab Kĩoi wa Kanoru akachukuliwa kuwa mtu asaliye kama avaavyo suti, kwa kuwa watu wa cheo chake husali na huvaa suti. Akivuliwa sala zake, hudhaniwa, atabaki Kĩoi yule yule. Hoja itakayotetewa hapa ni kinyume cha hayo: Kĩoi akivuliwa sala zake, shamba la Kĩgũũnda halichukuliki.

Tamthilia iliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na wanakijiji wenyewe wakaitengeneza upya katika mazoezi. Kibali cha kuionyesha kilifutwa tarehe 16 Novemba 1977, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Ilichapishwa kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980. Tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ilitoka mwaka 1982, mwaka ule ule ambao polisi waliubomoa ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ. Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Kĩgũũnda ni kibarua katika mashamba ya Kĩoi. Mali yake ni ekari moja u nusu, na hati ya shamba hilo ameitundika ukutani mahali ambapo kila aingiaye ataiona. Yeye na mkewe Wangeci walioana zamani kwa desturi za wazee, na wamemzaa Gathoni, ambaye sasa anachumbiwa kwa siri na John Mũhũũni, mwana wa Kĩoi. Siku moja Kĩoi, mkewe Jezebel, na rafiki zao Samuel Ndugĩre na Helen wanafika nyumbani kwa Kĩgũũnda. Wenyeji wanatumaini kwamba wageni wamekuja kuposa. Kumbe wamekuja kuwaambia kwamba ndoa yao ni dhambi, na kuwasihi waitakase kanisani. Kĩgũũnda kwanza anawafukuza kwa upanga, baadaye analegea. Harusi ya kanisani inahitaji fedha, fedha zinatoka benki, benki inataka rehani, na hati inashuka kutoka ukutani. Mwishoni Gathoni ana mimba iliyokataliwa, Kĩgũũnda hana kazi, na shamba linauzwa kwa mnada. Mnunuzi ni Kĩoi.

Neno ambalo kila mtazamaji analo tayari kinywani kwa ajili ya Kĩoi ni mnafiki. Yafaa neno hilo litazamwe kidogo, kwa maana historia yake inasaidia. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliokuwa wakitafuta neno la kuwaitia Mafarisayo wa mlango wa 23 wa Mathayo walilikuta pwani, limekwisha kuzoeleka kwa wasomi wa Kurani, ambamo sura nzima, ya 63, imepewa jina la wanafiki. Wanalugha wa Kiarabu hulihusisha neno hilo na tundu la panya wa jangwani, ambalo lina mlango wa dhahiri na mlango wa siri. Mwindaji akisimama huku, mnyama hutokea kule. Neno la Kiyunani lililomo katika Injili lina asili nyingine kabisa: hapo kale lilimtaja mwigizaji wa jukwaani. Hivyo Kiswahili kimeirithi picha ya mtu mwenye milango miwili, na Injili ina picha ya mtu mwenye sura ya kuigiza. Kati ya picha hizo mbili, ile ya Kiarabu ndiyo iliyozoeleka katika fikira za wengi: mnafiki ana maisha mawili yasiyokutana, Jumapili kwa mlango huu, Jumatatu kwa mlango ule. Kwa fikira hiyo kosa la Kĩoi lingekuwa kwamba dini yake haifiki mpaka kwenye biashara yake.

Tamthilia inasema jambo gumu kuliko hilo. Dini ya Kĩoi inafika kwenye biashara yake, na inafika mapema. Milango ni miwili, lakini chumba ni kimoja.

Ushahidi umo katika jambo moja la muundo ambalo ni rahisi kulipita. Kabla ya wageni kufika, Kĩgũũnda amekwisha kupokea barua kutoka kwa Ikuua wa Nditika, mshirika wa Kĩoi. Barua hiyo inataka kulinunua shamba lake ili pajengwe kiwanda cha dawa ya kuua wadudu pamoja na wageni kutoka ng'ambo. Ni barua ya wazi. Haina Mungu ndani yake, na yule aliyeiandika hana haja na kanisa. Kĩgũũnda anaikataa bila taabu. Hati inabaki ukutani. Maana yake ni kwamba ubepari uliokuja bila kanzu ulishindwa kumtoa mtu huyu kwenye ekari yake moja u nusu, kwa kuwa alikuwa na jibu la kuupa. Kilichofaulu ni harusi. Dhidi ya harusi takatifu Kĩgũũnda hakuwa na jibu la kudumu. Upanga haukutosha. Wangeci, ambaye kwa muda mrefu amebeba aibu ya kutazamwa kama mke asiye mke, alikuwa amekwisha kufunguliwa mlango wa moyo wake na wageni, na kupitia kwake mlango wa mumewe. Waandishi wangeweza kuliacha shamba likachukuliwa kwa deni la hospitali au karo ya shule, kama yalivyochukuliwa mashamba mengi ya kweli. Wamechagua deni la sakramenti.

Kwa sababu hiyo swali linaloulizwa mara kwa mara, kama Kĩoi anaamini anachokisema au anadanganya tu, halina uzito kama lionekanavyo. Mandhari ya ziara ile ya kwanza ndiyo bora katika tamthilia nzima kwa kuwa haituruhusu kujua. Wageni wanaomba, wanatoa ushuhuda, wanawasikitikia wenyeji wao. Hakuna anayemkonyeza mwenzake, wala hakuna mnong'ono wa kando unaomwambia mtazamaji kwamba haya ni mbinu. Mwongo wa kawaida angegunduliwa na Kĩgũũnda, mtu aliyeishi maisha yake yote kati ya waajiri. Asichoweza kukigundua ni uongo usiojijua, ule ambao msemaji wake mwenyewe amekwisha kulala ndani yake. Hata ukuta wa nyumba ya Kĩoi unaonyesha hivyo. Una kibao kinachomtangaza Kristo kuwa kichwa cha nyumba na msikilizaji wa kila mazungumzo, na chini ya kibao hicho hesabu za kiwanda hupigwa bila mtu kupunguza sauti. Baadaye kibao cha namna ile ile kinaonekana kwa Kĩgũũnda, katika nyumba iliyopambwa upya kwa fedha za mkopo, na hati imekwisha kwenda benki. Hakuna hotuba ya mhusika yeyote inayoisema dhamira ya mchezo waziwazi kama huo ukuta.

Kipimo cha kweli cha dini ya Kĩoi kinakuja katika sehemu ya tatu, na waandishi wamekitengeneza kwa ustadi ambao haujasifiwa vya kutosha. Gathoni ana mimba ya John Mũhũũni. Wazazi wake wanakwenda kwa Kĩoi na ombi ambalo kwa mujibu wa mahubiri yake mwenyewe hawezi kulikataa: vijana hawa nao waoane kanisani. Hapa pana dhambi ya kweli kwa hesabu ya Kĩoi, imo ndani ya nyumba yake, na dawa aliyoihubiri imo mkononi mwake. Anaikataa. Mwanawe hawezi kumwoa binti wa maskini kama hawa. Basi harusi ya kanisani ililazimishwa mahali ambapo haikuhitajika, kwa watu wawili walioishi pamoja kwa uaminifu na kwa baraka za wazee, ikanyimwa mahali pekee ilipohitajika. Kĩgũũnda anautoa upanga kwa mara ya pili, sasa nyumbani kwa tajiri, na Jezebel anamwokoa mumewe kwa silaha. Hapo mchezo unarudi kwenye mwendo wa kawaida wa michezo ya aina hii, wenye kelele na vitisho. Lakini jambo kubwa limekwisha kusemwa katika lile ombi na lile kataa.

Kiswahili kimeongeza kitu hapa ambacho tafsiri ya Kiingereza haina njia ya kukibeba. Maneno ya jina la tamthilia yanatoka katika wimbo wa mlevi apitaye, anayejigamba kwamba ataingia katika ndoa siku atakayopenda maadam mapadri wangali hai. Ni mzaha wa mtu anayeijua dini kama duka lisilofungwa. Ila Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha pande zote mbili za ndoa: mume huoa, mke huolewa. Jina Nitaolewa Nikipenda limeuondoa mzaha huo kinywani mwa mlevi likautia kinywani mwa mwanamke. Na mwanamke wa tamthilia hii ambaye hakuolewa, kwa kupenda wala kwa kutopenda, ni Gathoni, anayeishia katika kazi ya baa.

Yamebaki majina, na majina ndiyo yanayofungua shina la jambo. Ahab na Jezebel ni majina ambayo ni vigumu kuamini kwamba Mkristo yeyote wa Kiambu angewapa watoto wake kisimani pa ubatizo. Waandishi hawajifichi. Wanamwita mtazamaji akumbuke mlango wa 21 wa Kitabu cha Kwanza cha Wafalme: mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi, lililopakana na jumba lake, naye Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Mara nyingi msomaji wa tamthilia husimama hapo, akisharidhika kwamba mkulima mdogo amenyang'anywa na mkubwa. Lakini kisa cha Biblia kina kiungo kingine. Ahabu kwanza alijaribu kununua, kwa bei halali, hata akaahidi shamba bora zaidi. Alikataliwa. Ndipo Yezebeli alipoandika barua kwa muhuri wa mfalme akiamuru ipigwe mbiu ya kufunga. Watu wakakusanyika kwa ibada. Nabothi akaketishwa mbele, mahali pa heshima, kisha mashahidi wawili wa uongo wakamshtaki kwa kumtukana Mungu na mfalme. Aliuawa kwa kosa la dini, katika kusanyiko la dini, na shamba likawa wazi.

Mfuatano ni ule ule. Kwanza bei, na bei inakataliwa. Kisha ibada, na ibada inafaulu. Kĩgũũnda naye anaketishwa mahali pa heshima: ataitwa bwana harusi. Katika njozi ya harusi yao yeye na Wangeci wanajiona madhabahuni kwa majina mapya ya Kizungu, yeye Winston Smith, mkewe Rosemary Magdalene. (Msomaji wa George Orwell atatabasamu, kwa kuwa Winston Smith ni mtu wa riwaya ya mwaka 1949 anayeishia kumpenda yule aliyemvunja.) Na Kĩgũũnda naye ameshtakiwa kwa kumkosea Mungu, ingawa shtaka limekuja kwa sauti ya upole, kati ya sala na sala, sebuleni kwake mwenyewe. Limuru haikuhitaji mawe. Ilihitaji mtu aone haya kwa ndoa yake.

Jambo hili la majina lina historia katika maisha ya Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe. Mwaka 1970, wakati huo akiitwa James Ngugi, alizungumza mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, na akaanza kwa kukana kwamba ni Mkristo. Mzee mmoja alisimama akamkemea, akimwambia kwamba Mkristo ni yeye, na dalili ni hilo jina James. Baada ya hapo jina likaachwa. Mzee yule alikuwa ameigusa sehemu nyeti. Alimwona mwandishi kuwa na milango miwili: anaikana dini mdomoni na kuibeba katika jina. Mtu aliyewahi kupewa shtaka hilo, akalikubali na kulifanyia kazi, hakuandika majina ya Ahab na Jezebel kwa mzaha mtupu.

Lakini majina hayo hayo yanaleta tatizo ambalo tamthilia haijalitatua, nalo linahusu imani moja kwa moja. Hadhira ya Kamĩrĩĩthũ ilicheka na kukasirika kwa sababu ilijua Ahabu ni nani. Ilijua kwa kuwa ilikuwa imekaa kwenye mabenchi ya kanisa na katika madarasa ya ubatizo. Mahakama ambayo Kĩoi anahukumiwa ndani yake imejengwa kwa matofali ya Biblia, na sheria inayomhukumu ni sheria ya Nabothi: kwamba urithi wa maskini hauguswi hata na mfalme, na kwamba kumtumia Mungu kuuchukua ni uovu kuliko kuuchukua tu. Tamthilia inaitwaa hukumu hiyo kwa mikono miwili. Hapo hapo, kwa kinywa cha Gĩcaamba, jirani wa Kĩgũũnda na mfanyakazi wa kiwandani, inaieleza dini kuwa ulevi wa roho na sumu ya akili. Ni vigumu kuvishika vyote viwili. Kama dini ni sumu tu, basi Kĩoi si mnafiki. Ni muuza sumu mwaminifu, anayetoa hasa kile kilichoandikwa kwenye chupa. Neno mnafiki lina nguvu pale tu ambapo kipo kitu cha kweli kilichoghushiwa, kama vile hakuna anayeghushi fedha za nchi isiyokuwako.

Waandishi wameliona hilo kwa nusu. Gĩcaamba huyo huyo anatamka pia kwamba dini si kitu kimoja na Mungu, kisha anazitaja dini zote zilizoletwa na kila moja na nchi yake: Roma, Uskoti, Uingereza, Ugiriki, Marekani. Tofauti hiyo ni lango, na mtu angetazamia mchezo upite ndani yake. Je, huyo Mungu asiye dini ni yupi? Ana neno gani na Wangeci, ambaye haja yake ya kuonekana safi haikubuniwa na Kĩoi? Gĩcaamba hajibu. Anageukia kiapo cha Mau Mau na umoja wa wafanyakazi, ambavyo ni vitu vikubwa, lakini havijibu swali aliloliuliza yeye mwenyewe. Ngurario, sherehe ya ndoa ya Kigĩkũyũ inayoigizwa kwa nyimbo na vigelegele katika sehemu ya pili, inakaribia zaidi kuwa jibu, kwa sababu inaonyesha utakatifu ulio na watu wengi ndani yake na usiodai rehani. Hata hivyo inaonyeshwa kama kumbukumbu. Wanaoiigiza wamekwisha kuwa wazee, na John Mũhũũni hajapata hata kuisikia.

Kuna ukosefu mwingine, na huu ni wa historia. Lugha ya wageni wale wanne ni lugha ya waliookoka, na wale miongoni mwa matajiri hawa wanaotajwa kuwa walipata mali yao kwa kuwa homugadi wanasimama mahali pa Wakristo wote wa wakati wa Hali ya Hatari. Yalikuwako makanisa yaliyoukumbatia utawala, na hakuna haja ya kulificha. Lakini Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya kabla ya muongo huo kwisha, ulizaliwa kama uasi dhidi ya unafiki wa kanisa lenyewe. Waliookoka waliungama hadharani, mbele ya wake zao na mbele ya wamisheni, na mara nyingi ungamo lilifuatwa na urudishaji: mtu alikirudisha alichokiiba kwa yule aliyemwibia. Wakati wa Mau Mau, Wagĩkũyũ wengi wa Uamsho walikataa kiapo, na wapo waliouawa kwa kukikataa. Baadhi ya watu hao hao walikataa vilevile kubeba bunduki za serikali. Walisimama katikati na kupigwa na pande zote mbili. Katika tamthilia hawamo. Hakuna kibarua mmoja aliyeokoka kweli, hakuna mama mmoja anayeomba na asiyetamani shamba la mtu. Kundi la maskini wanaopita wakichanga fedha za kujenga kanisa lao linaonyeshwa kwa dhihaka na huruma kidogo, kisha linaondoka.

Pengo hili halikuidhuru tamthilia kwa upande wa haki tu, hata kwa upande wa nguvu. Kama angekuwako mtu mmoja wa namna hiyo, lugha ya Kĩoi ingekuwa na kitu cha kupimiwa jukwaani. Ushuhuda wa Kĩoi una kila kitu cha ushuhuda wa Uamsho isipokuwa urudishaji. Zakayo wa Injili ya Luka alijulikana kuwa ameokoka kwa kurudisha mara nne, na jambo hilo lingeweza kumhukumu Kĩoi kwa ukali kuliko hotuba yoyote ya Gĩcaamba, maana hukumu ingetoka ndani ya nyumba. Badala yake imeachwa kazi hiyo kwa mtu wa nje, anayesema kweli nyingi kwa kirefu mno. Sehemu za Gĩcaamba zinachosha zinaposomwa. Huenda zilikuwa na uhai mwingine pale Kamĩrĩĩthũ, zikisemwa na watu waliojua harufu ya kiwanda.

Ulinganisho mfupi na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, unaweza kufaa. Kezilahabi anaandika juu ya Wakatoliki wa Ukerewe, na jina la riwaya yake ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria. Unafiki wake hauna benki wala mnada. Ni unafiki wa heshima: Zakaria, baba mlevi mwenye jina la kibiblia, anaulinda ubikira wa binti yake kwa fimbo, ilhali yeye mwenyewe hajitawali. Rosa anapotoka chini ya fimbo hiyo hana ndani yake chochote cha kumshika. Wengi waliilaumu riwaya hiyo kwa kuchafua maadili, na kwa muda ilizuiwa shuleni, jambo ambalo lenyewe ni kama sura ya ziada ya kitabu. Tofauti kubwa na tamthilia iko mwishoni. Kezilahabi anawafikisha Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Anakubali kwamba kesi ya unafiki wa waumini haiwezi kumalizika bila yule waliyemtaja kwa jina kuitwa mahakamani. Kamĩrĩĩthũ iliwaweka watu wa kijiji katika kiti hicho. Kwa upande wa siasa hilo lilikuwa tendo la ujasiri, na serikali ililielewa vizuri kabisa. Kwa upande wa imani liliacha kiti kimoja wazi.

Kiti hicho ni cha Eliya. Katika Kitabu cha Wafalme, Ahabu akiwa tayari ameshuka kulitwaa shamba, nabii anamkuta humo humo na kumwuliza kama ameua na kumiliki pia. Tamthilia imemtwaa Ahabu, imemtwaa Yezebeli, imemtwaa Nabothi, na Eliya imemwacha. Gĩcaamba ana hasira ya Eliya lakini hana mamlaka yake, kwa kuwa Kĩoi anaweza kumwita mkomunisti na kwenda zake. Eliya ni mtu wa Mungu yule yule ambaye Ahabu anadai kumtumikia, na kwa hiyo Ahabu hana mlango wa pili wa kutokea. Baada ya miaka kadhaa kiti hicho kilipata watu wa kukikalia nje ya jukwaa. Viongozi wa kanisa kama Henry Okullu, Alexander Muge, David Gitari na Timothy Njoya walizungumza mimbarani dhidi ya wenye nguvu waliohudhuria ibada zao, na Gitari alilitumia jina la Nabothi akihubiri. Wenye mamlaka walioweza kuufunga ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ kwa kufuta kibali waliona ugumu zaidi kumfungia askofu kitabu ambacho wao wenyewe walikiapia.

Kisa cha Wafalme kina mwisho ambao wachache huukumbuka, na waandishi wa Kamĩrĩĩthũ hawakuutumia. Ahabu aliposikia maneno ya Eliya alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga, safari hii kufunga kwa kweli, na adhabu ikaahirishwa mpaka siku za mwanawe. Maandiko hayamfanyi Ahabu kuwa mtu mwema, wala hayasemi kwamba shamba lilirudishwa. Yanampa tu nafasi ya kulisikia jina lake likitajwa pamoja na alichokifanya, na kwa dakika moja sura yake ya kuigiza inaanguka. Ahab Kĩoi wa Kanoru hapewi dakika hiyo. Katika mandhari ya mwisho hayumo jukwaani kabisa. Habari zake zinaletwa na wengine, wakikaa katika nyumba ya Kĩgũũnda, kwamba mnada umefanyika na yeye ndiye aliyenunua.